Almasi 81 Bado Si Mgodi

Novemba 1991, kampuni ndogo ya Kanada iitwayo Dia Met, pamoja na mshirika wake mkubwa BHP, ilitoa taarifa ya mistari michache. Walikuwa wamechoronga kwenye ziwa moja dogo, Point Lake, kaskazini kabisa mwa nchi ile, na kukuta kimbalaiti, mwamba ambao wakati mwingine hubeba almasi. Sampuli ya kilo 59 ilitoa almasi 81, zote chini ya milimita 2 kwa upana, na baadhi zilikuwa za ubora wa vito. Hiyo ndiyo taarifa yote. Hisa za Dia Met, zilizokuwa zikiuzwa kwa senti, zilifika makumi ya dola. Makampuni kwa mamia yakakimbilia kule kukata maeneo, mengine yakiwa na ofisi ya chumba kimoja Vancouver na mwanajiolojia mmoja wa kuazima.

Migodi ya almasi iliyofunguliwa Kanada nzima tangu siku ile haifiki kumi. Na mgodi wenyewe wa Ekati, uliozaliwa na habari ile, ulipofunguliwa 1998 haukuanza na Point Lake. Ulianza na bomba jingine la mwamba huo, Panda. Zile almasi 81 zilizowatia watu wazimu zilitoka kwenye mwamba ambao wachimbaji waliuruka kwanza.

Nianze hapo kwa sababu ndipo mpwa wangu anapoanzia kila tunapozungumza. Yeye anaishi Toronto, anafanya kazi ya maghala, na amenunua hisa za kampuni changa inayotafuta almasi. Kila kampuni ikitoa taarifa ananitumia: "Mjomba, wamepata!" Mimi niko Tanga, Ngamiani, kazi yangu ni vitabu vya hesabu za watu. Sijasoma jiolojia. Lakini taarifa za hesabu nazisoma kama wengine wanavyosoma matokeo ya Coastal Union, na kampuni ya almasi ina hesabu kama duka la vifaa vya ujenzi. Upande wa mawe nimefundishwa na jirani yangu, mzee aliyestaafu mgodi wa almasi wa Mwadui na kurudi kwao pwani, ambaye hapa mtaani jina lake ni hilo hilo, Mzee Mwadui. Ninayoandika ni maoni ya mhasibu, siuzi hisa za mtu, wala sina leseni ya kumshauri mtu anunue nini.

Tuanze na uwezekano, maana ndio unaorukwa. Almasi haziumbwi kwenye kimbalaiti. Zinaumbwa chini sana, kilomita 150 na zaidi, na nyingi zina umri unaozidi miaka bilioni. Kimbalaiti ni volkano ya aina yake iliyopita mbio kutoka huko chini, ikazoa ilichokikuta njiani, ikatoboa juu na kuacha bomba la mwamba lenye umbo la karoti. Kama ilipita mahali penye almasi, imebeba almasi. Kama haikupita, umechoronga mwamba mtupu. Duniani zinajulikana kimbalaiti kama 7,000 hivi. Zenye almasi ni kama 1,000. Zilizowahi kuchimbwa kwa faida ni kama 60. Gawanya mwenyewe: haifiki moja katika mia. Kwa hiyo kampuni ikitangaza "tumegundua kimbalaiti", hapo imenunua tiketi tu, na wewe ndiye uliyeilipia.

Hapa Tanga jambo hili lina sura yake. Kuna dalali mmoja anayezunguka na chupa ndogo ya dawa iliyojaa vito vyekundu vya ganeti kutoka bonde la Umba, na maneno yake ni kwamba hizi ndizo "dalili za almasi", kwa hiyo anatafuta watu wachange kupima eneo. Maneno yake si ya kubuni tupu, na hiyo ndiyo hatari yake. Ni kweli watafuta almasi huchekecha mchanga wa mito wakitafuta ganeti, ilmenaiti na madini mengine yanayosafiri pamoja na almasi. Fipke na Blusson, waliokuwa nyuma ya ile habari ya 1991, walifuata madini hayo kwa miaka, wakirudi nyuma kuelekea barafu ya kale iliyoyabeba ilikotokea, hadi wakafika ziwa Lac de Gras, karibu na ile Point Lake. Ila ganeti wanayoitaka ni ya aina moja: yenye kromiamu nyingi na kalsiamu kidogo, iliyoumbwa chini kule almasi ziliko. Haitambulikani kwa wekundu. Inatambulikana maabara, punje moja moja, kwa mashine inayopima kemia yake. Ganeti za bonde la Umba, nzuri zilivyo, na safaya zake, zimepikwa ndani ya tabaka la juu la dunia, wakati miamba ya ukanda huu ilipokunjwa na kubanwa. Hazijui almasi ni nini.

Na ukanda wenyewe una neno. Mwaka 1966 mwanajiolojia Clifford aliandika jambo ambalo watafutaji wanalitumia mpaka leo: kimbalaiti zenye almasi za kuchimbika zinakaa juu ya mapande ya kale sana ya bara, yaliyotulia, ambayo wataalamu wanayaita kratoni. Kratoni yetu iko katikati ya nchi: Shinyanga, Mwanza, Tabora, Singida. Tanga iko nje, kwenye ukanda wa miamba iliyokunjwa na kubanwa baadaye. Si sheria ya Mungu. Mgodi wa Argyle wa Australia ulikuwa pembeni ya kratoni, tena kwenye mwamba ambao si kimbalaiti, na ulitoa almasi nyingi kuliko migodi karibu yote ya zama zake. Hata kukaa ndani ya kratoni hakutoshi: vilima vya Igwisi, mkoani Tabora, ndivyo kimbalaiti changa kuliko zote zinazojulikana duniani, vililipuka miaka kama elfu kumi na kitu tu iliyopita, na hakuna mgodi pale. Lakini mtu akikuuzia hisa za almasi za Tanga, mwache aanze kwa kukueleza kwa nini Clifford amekosea hapa. Yule dalali nilimuuliza. Akasema Clifford hajawahi kufika Umba.

Sasa tuje kwenye hesabu, ambayo ni ndogo na wengi hawaifanyi. Almasi inapimwa kwa karati, na karati ni gramu 0.2. Wingi wake kwenye mwamba unatajwa kwa karati ndani ya tani 100. Mwadui, mgodi ambao mwanajiolojia John Williamson aliugundua 1940 na ambao bomba lake lina eneo la hekta 146 hivi juu ya ardhi, unatoa kama karati 6 katika tani 100. Hiyo ni gramu 1.2. Unasaga tani mia moja za mwamba upate kitu kinachokaa kwenye ukucha.

Chukua sasa ule mfuko wa kilo 59 wa Kanada uujaze mwamba wa Mwadui. Kwa wastani utakuwa na karati 0.0035. Yaani hakuna cha kuonekana. Mgodi uliofanya kazi vizazi viwili, uliotoa jiwe la waridi la karati 54.5 mwaka 1947 ambalo Williamson alimzawadia Binti Mfalme Elizabeth, ungeweza kukupa mfuko mtupu. Na bomba lisilo na faida linaweza kukupa vijiwe 81. Mfuko mdogo hausemi kweli kwa upande wowote.

Nilimweleza Mzee Mwadui hesabu hii akacheka. Alisema vijana waliokuwa wanaingia kazini walidhani wataona almasi zikimetameta kwenye mkanda. Zamu zilikuwa zinapita mtu anaona kokoto tu. Almasi haishiki maji lakini inashika grisi, ndiyo maana mitambo ya zamani ilipitisha kokoto na maji juu ya meza iliyopakwa grisi. Takataka zinateleza, jiwe linanasa. Kisha grisi inakwanguliwa, inachemshwa, na kinachobaki kinachambuliwa ndani ya sanduku la kioo, mikono imeingizwa kwenye glavu zilizofungwa kwenye sanduku lenyewe, na macho zaidi ya mtu mmoja yanakutazama. "Almasi huioni wewe," aliniambia, "almasi inaonwa na hesabu ya mwisho wa mwezi."

Lakini wingi peke yake nao ni mtego. Argyle ilikuwa na mamia ya karati katika tani 100, na bado mawe yake mengi yalikuwa ya kahawia, madogo, ya bei ya chini sana. Zile za waridi zilizoipa jina zilikuwa chembe kidogo ya uzalishaji. Letšeng ya Lesotho ina chini ya karati 2 katika tani 100. Ukiishia hapo utasema ni kichekesho. Lakini bei ya wastani ya karati yake mara nyingi imezidi dola 1,000, kwa sababu pale yanatoka mawe makubwa meupe, kama lile la karati 603 la mwaka 2006. Kwa hiyo namba inayonihusu ni moja: dola kwa tani. Zidisha karati zilizo ndani ya tani moja kwa bei ya karati moja, ulinganishe na gharama ya kuchimba na kusaga tani hiyo. Mwadui, tuseme kwa dola 200 kwa karati, ni dola 12 kwa tani. Inaishi kwa sababu mwamba uko wazi, ni mwingi, na reli na barabara vipo. Dola 12 hizo hizo zipeleke kaskazini mwa Kanada, ambako mafuta ya mwaka mzima yanapita kwa lori juu ya maziwa yaliyoganda kwa wiki nane hadi kumi tu za majira ya baridi, na huna mgodi. Una shimo.

Shida ni kwamba kampuni changa haina namba hii. Ina nusu ya namba. Na taarifa zake kwa umma zimeandikwa ili usigundue nusu gani haipo.

Nichukue taarifa ya mwisho aliyonitumia mpwa wangu, bila kuitaja kampuni. Kichwa cha habari kinasema almasi zimepatikana, idadi kubwa, kwenye sampuli ya kilo mia kadhaa. Ukishuka chini kuna jedwali la chekecheo, yaani idadi ya mawe kwa ukubwa wa tundu: safu ya kwanza milimita 0.106, kisha 0.150, 0.212, 0.300, 0.425, 0.600, 0.850, na kuendelea. Mwamba ulipikwa na kostiki soda (ndiyo, ile ile ya watengeneza sabuni) kwenye tanuri mpaka ukayeyuka, almasi zikabaki. Karibu mawe yote yalikuwa kwenye safu tatu za kwanza. Hayo ni vumbi. Mgodi hauyakusanyi, kwa kuwa mtambo wa kawaida unaanza kushika mawe ya kama milimita 1 kwenda juu. Vumbi lina kazi yake: mtaalamu anaangalia namna idadi inavyopungua kutoka chekecheo dogo hadi kubwa, anapata picha ya kama kuna mawe makubwa mbele. Mstari ukianguka ghafla, bomba lina mchanga wa almasi tu. Ukishuka polepole, pana matumaini. Basi mimi naanza kusoma jedwali kutoka kulia. Kichwa cha habari nakisoma mwisho, nikikumbuka.

Kuna jambo jingine nililolipata kwa kusoma maelezo ya maabara yaliyowekwa nyuma kabisa. Vichwa vya mashine za kuchorongea miamba vimetiwa almasi za kiwandani, maana bila hizo havikati mwamba mgumu. Vinalika, na vipande vyake vinaingia kwenye sampuli. Maabara nzuri inavitambua na kuviondoa, na inasema imeviondoa vingapi. Taarifa isiyosema lolote kuhusu hilo naiweka pembeni. Sisemi mtu ameiba. Nasema sijui nimehesabiwa nini.

Hatua inayofuata ndiyo yenye maana, na ndiyo makampuni mengi yanakofia: sampuli kubwa. Hapa huchorongi tena kipande cha mkono. Unachimba mamia au maelfu ya tani, unazipitisha kwenye mtambo wa majaribio, unatafuta kupata maelfu ya karati, na unazipeleka kwa wathamini. Kwa nini maelfu? Kwa sababu bei ya almasi inabebwa na mawe machache makubwa, na mawe machache makubwa hayatokei kwenye fungu dogo. Fungu la karati 200 likikosa jiwe moja la karati 10, bei ya wastani inaporomoka. Likilipata, inapaa, na zote mbili ni bahati. Ndiyo maana utaona taarifa yenye bei mbili: bei halisi ya fungu na bei "iliyokadiriwa" ambayo imejazia mawe makubwa yanayotarajiwa. Ya pili huwa juu. Mimi naweka vidole juu ya ile ya pili, nasoma ya kwanza tu, nafanya hesabu ya dola kwa tani upya. Kama mradi unasimama kwa bei ya kukadiriwa peke yake, haujasimama.

Tena mtambo nao unavunja. Stornoway ya Quebec ilifungua mgodi wa Renard, ikaanza uzalishaji wa kibiashara 2017, na moja ya maumivu yake ya awali ilikuwa mawe kuvunjika ndani ya mtambo, huku bei za soko zikishuka. Septemba 2019 ilikimbilia ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake. Hii haikuwa kampuni ya chumba kimoja. Ilikuwa na mgodi, serikali ya jimbo nyuma yake, na almasi za kweli. Wenye hisa ndio waliokuwa mwisho wa foleni, na foleni iliishia kabla yao.

Hapo ndipo ninapoingia kwenye eneo langu, yaani fedha. Kampuni changa haina mauzo. Inaishi kwa kuuza hisa mpya. Hisa ni nafasi yako kwenye sinia la pilau. Kampuni hizi haziongezi mchele, zinaongeza walaji. Tuseme kampuni ina hisa milioni 50, wewe una laki tano. Ni asilimia 1. Inauza hisa milioni 20 kwa bei iliyo chini kidogo ya soko, na kila mnunuzi anapewa na waranti, yaani haki ya kununua hisa nyingine baadaye kwa bei iliyopangwa leo. Mwaka unaofuata inarudia. Baada ya mizunguko michache hisa ni milioni 150, nawe umebaki na theluthi moja ya asilimia. Kisha fedha za sampuli kubwa hazipatikani, anaingia mshirika mkubwa: yeye atagharamia, achukue asilimia 51 ya mradi. Asilimia yako 1 ya almasi zile imekuwa 0.16, na hakuna aliyekuibia. Yote yameandikwa, kwa herufi ndogo.

Kwa hiyo nikifungua hesabu za kampuni kama hizi naenda moja kwa moja kwenye mambo machache. Hisa zilizopo, pamoja na waranti zote na hisa za wakurugenzi ambazo bado hazijadaiwa. Fedha taslimu benki, kugawanya na matumizi ya miezi mitatu. Na zaidi ya yote, fedha zilizoingia ardhini dhidi ya zilizoingia ofisini. Nimeona kampuni ambayo mishahara, ada za ushauri, safari na "mahusiano na wawekezaji" vilikuwa vingi kuliko uchorongaji, mwaka baada ya mwaka. Hiyo ni kampuni ya kuajiri wakurugenzi wake, na almasi ni kisingizio cha mkutano mkuu. Naangalia pia kama wakurugenzi walinunua hisa zao kwa fedha yao sokoni, au walijipa.

Baada ya kashfa ya Bre-X ya 1997, ya dhahabu ile ya Indonesia iliyokuwa haipo, Wakanada walitunga kanuni inayojulikana kwa namba 43-101, iliyoanza 2001. Inataka kila taarifa ya kitaalamu ibebwe na mtu mwenye sifa, mwenye jina, anayewajibika. Imesaidia. Tafuta jina hilo, uone kama ni mtu wa nje au ni mkurugenzi huyo huyo anayekuuzia. Ila kanuni inazuia uongo, haizuii matumaini, na matumaini ndiyo bidhaa.

Mpwa wangu ana jibu lake kwa haya yote: Lucara. Na ni jibu zuri, halipaswi kupuuzwa. Lucara ilikuwa kampuni changa, ikachimba Karowe, Botswana, kuanzia 2012. Novemba 2015 ikatoa jiwe la karati 1,109, lililouzwa dola milioni 53 mwaka 2017. Jingine la karati 813 liliuzwa dola milioni 63. Mwaka 2024 likatoka la karati zaidi ya 2,400. Lakini tazama ilikoanzia. Bomba lile lilijulikana tangu 1969. De Beers, kampuni kongwe ya almasi, ndio waliolipata na kulichunguza, na Lucara ilinunua sehemu yao 2009, wakati dunia imetoka kutikiswa na msukosuko wa fedha na kila mtu anauza. Mwenye hisa hakulipia kutafuta. Alilipia kutazama upya kitu kilichokwisha kupimwa, tena kutazamwa na watu waliofunga mitambo ya eksirei ya kushika mawe makubwa kabla hayajasagwa. Hiyo ni biashara nyingine kabisa na ile ya kuchekecha mchanga kwa matumaini. Kama kuna aina ya kampuni changa ambayo ningeitazama mara mbili, ni hii: inayonunua kilichopimwa na mwingine, kwa bei ya mtu aliyechoka.

Hata Mwadui ilianza kama kampuni changa, ukiangalia vizuri. Williamson alikuwa Mkanada mmoja mwenye deni na ukaidi, na aliyemshika mkono ni wakili wa Mwanza, I. C. Chopra, aliyepata hisa kwa msaada wake. Huyo ndiye mwekezaji wa namna ninayomwelewa: alimjua mtu, na eneo angeweza kulifikia mwenyewe. Sisi wengine tunasoma taarifa kwenye simu.

Kuhusu muda nitasema kidogo. Bomba la kwanza la Gahcho Kué, kaskazini mwa Kanada, lilipatikana 1995, mgodi ukafunguliwa 2016. Jamaa wa Fort à la Corne, Saskatchewan, wana kimbalaiti zao tangu mwishoni mwa miaka ya themanini, wamechoronga mpaka basi, na mgodi bado haujafunguliwa. Ukinunua hisa ukiwa na mtoto wa chekechea, jiandae kusoma taarifa za kampuni kwenye mahafali yake ya chuo.

Na ndani ya muda huo bei ya bidhaa yenyewe imebadilika. Mwaka 2018 De Beers walianzisha chapa ya Lightbox, wakauza almasi zilizotengenezwa maabara kwa dola 800 kwa karati, na soko zima lilishangaa kuona bei ya chini namna ile. Ndani ya miaka michache bei za jumla za almasi hizo zilianguka mno hivi kwamba Mei 2025 wakatangaza kuifunga Lightbox yenyewe. Mwaka mmoja nyuma, Anglo American walikuwa wametangaza kwamba wanataka kuachana na De Beers. Mwenye miliki ya jina kubwa kuliko yote katika almasi anatafuta mlango, halafu kampuni ya watu wanne inakuambia upembuzi yakinifu wake umetumia bei za miaka iliyopita. Hili kwangu ndilo zito kuliko kratoni, kuliko waranti. Mawe madogo ya kawaida ndiyo yaliyoumizwa zaidi, na bomba la wastani limejaa mawe madogo ya kawaida.

Kwa anayetazama upande wa nyumbani, sheria zetu ziko wazi na azihesabu tangu mwanzo. Tangu marekebisho ya 2017, serikali inapata hisa zisizolipiwa zisizopungua asilimia 16 kwenye kampuni yenye leseni ya uchimbaji mkubwa au wa kati, mrabaha wa almasi ni asilimia 6, na kuna ada ya ukaguzi ya asilimia 1. Leseni ya uchimbaji mdogo ni ya Mtanzania. Ramani ya leseni ya Tume ya Madini iko mtandaoni, mtu akikwambia ana eneo, mwombe namba ya leseni uifungue mbele yake. Na mfano wa mgodi ulio hai unao Mwadui: kifurushi cha karati 71,654 kilizuiwa Dar es Salaam 2017, shughuli zikasimamishwa 2020 soko lilipofungwa na korona, 2021 wamiliki wakakubaliana upya na serikali ambapo sehemu ya nchi ikawa asilimia 37, Novemba 2022 kingo za bwawa la mabaki ya uchenjuaji zikapasuka. Huo ni mgodi unaojulikana una nini ndani. Kampuni changa inaomba uipe fedha ili ifikie siku ya kupata matatizo hayo.

Msimamo wangu, kwa hiyo, ni mwembamba. Kabla ya sampuli kubwa iliyouzwa kweli, sinunui, hata jedwali lipendeze vipi. Baada yake naweza kutazama, kwa fedha ambayo ikipotea hakuna ada ya shule itakayocheleweshwa, na kama mtu hana fedha ya namna hiyo basi mazungumzo yameishia hapo. Kwa bei za sasa za almasi, hata hiyo ya kutazama naifanya nikiwa nimefunga pochi.

Mpwa wangu hakukubaliana nami, na ni haki yake, fedha ni yake. Juzi amenitumia taarifa mpya: kampuni imekamilisha kuuza hisa kwa senti 8, pamoja na waranti za senti 12 za miaka miwili, na matokeo ya uchorongaji wa msimu uliopita yanatarajiwa "hivi karibuni". Nimemuuliza swali moja. Kama wakurugenzi wanaamini matokeo yale yatapandisha bei, kwa nini wameuza hisa wiki chache kabla ya kuyapata, badala ya kusubiri wauze ghali? Akaniandikia, "Mjomba, labda fedha ziliwaishia." Nikamwambia afungue ukurasa wa fedha taslimu wa robo iliyopita. Zilikuwapo za kutosha miezi saba.